Trekta za Zamani kwa Shamba Dogo: Ipi Ununue Nairobi na Ipi Uitazame Tu

Mkebe wa lita nne wa rangi nyekundu na siku mbili za fundi wa kupuliza vinatosha kuifanya trekta ya 1962 ing'ae kama ya jana. Ndiyo maana mnunuzi anayeanza kwa kusifu bodi huwa ameshapoteza. Trekta ya zamani hukaguliwa kutoka nyuma kuja mbele: haidroliki, giaboksi, difu, breki, halafu ndipo injini. Injini hata ikitoa moshi kama jiko la makaa mabichi ina mafundi wake Industrial Area wa kutoboa silinda upya na kusaga krenki. Nyuma ikifa, utatafuta trekta nyingine ya kuchinja, na bei uliyoifurahia inageuka kuwa ya kwanza kati ya bei mbili.

Mpangilio huu ni wa mtu mwenye ekari moja hadi kumi hivi, awe Kiserian, Limuru, Ruai, Kitengela au kwenye kiwanja kikubwa cha Karen. Anataka kulima, kukata nyasi na kuvuta trela ya samadi, na moyoni anapenda chuma cha zamani. Kigezo kilichotangulia vyote ni spea: je, sili, sahani ya klachi na filta vinapatikana Kirinyaga Road asubuhi moja, bila kuagiza ng'ambo? Kisha tukapima uimara wa nyuma, kisha ukubwa. Uzuri umekuja mwisho, ingawa kwenye nambari ya tano ulitaka kupanda ngazi.

Kabla ya orodha, jambo moja la hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru juu zaidi. Dizeli isiyo na taboo (turbo, feni ya kuisukumia injini hewa) hupoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu zake kwenye hewa hii, kwa hiyo trekta iliyoandikwa nguvu za farasi 45 kitabuni inakupa kama 38. Moshi mweusi kidogo plau ikizama ni kawaida. Fundi anayetaka kuongeza mafuta kwenye injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda, "ili ivute vizuri" mkatalie, kwa maana mafuta ya ziada hayana hewa ya kuyachoma. Yanachoma pistoni badala yake.

1. Massey Ferguson 35, ya silinda tatu

Hesabu mirija miembamba ya chuma inayotoka kwenye injekta pampu kwenda kwenye nozo. Ikiwa mitatu, endelea kusoma. Ikiwa minne, una injini ya zamani zaidi ya Standard, ambayo kuwaka asubuhi ya baridi ni mapatano kati yako na betri. Perkins ya silinda tatu, A3.152, iliingia kwenye 35 kuelekea 1960 na kubaki hadi trekta hiyo ilipoachwa mwishoni mwa 1964. Muuzaji mara nyingi hajui tofauti, au anaijua na ananyamaza.

Inaongoza kwa sababu ya ukoo wake. Injini hiyo hiyo ya inchi za ujazo 152 iliendelea kwenye 135, kisha kwenye MF 240 ambayo Pakistan imeitengeneza kwa miaka mingi, na India nako kuna jamaa zake. Kwa hiyo ringi, laina za silinda, gasketi na sili bado zinatoka viwandani zikiwa mpya. Kwa trekta iliyopita miaka sitini hiyo ni bahati kubwa. Halafu ni nyepesi: inageuka kwenye ncha ya shamba la nusu ekari bila kukanyaga kabichi za jirani, na kwenye udongo mwekundu wa Kiambu inavuta plau ya diski mbili bila manung'uniko. Kwenye udongo mweusi wa Kitengela, subiri siku chache baada ya mvua. Ukikosea siku, utatafuta trekta nyingine ya kuivuta.

Uliza kama klachi ni ya hatua mbili, na usiamini jibu, jaribu mwenyewe. Washa shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha mashine zilizofungwa kwenye trekta, tia gia ya kwanza, ondoka polepole, kisha kanyaga klachi nusu. Magurudumu yanatakiwa kusimama huku shafti ikiendelea kuzunguka. Ukikanyaga hadi chini, shafti nayo isimame. Kama vyote vinasimama pamoja, ni klachi ya hatua moja, na kwa kukata nyasi au kuendesha rotaveta (mashine ya kusaga udongo) itakuudhi kila siku, maana kila ukisimama mashine ya nyuma nayo inasimama. Inafaa kulima na kuvuta trela tu, na bei ishuke.

Magonjwa yake yanajulikana. Sili za ekseli za nyuma huvuja, oili ikaingia kwenye dramu za breki, na breki ikawa jina tu. Angalia ndani ya rimu za nyuma: michirizi myeusi yenye vumbi lililoganda ndiyo dalili. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye kotapini inayoning'inia. Ichezeshe kwa kidole. Oili nyeusi ikidondoka hapo, sili ya nyuma ya krenki imechoka, na kuibadilisha ni kuikata trekta katikati, yaani kuitenganisha injini na giaboksi. Kuikata si balaa, ni kazi ya siku mbili kwa mafundi wawili wenye jeki na magogo mazuri, ila ukiikata badilisha klachi na beringi yake papo hapo hata kama bado zinafaa.

2. Massey Ferguson 135

Wengi wangeiweka ya kwanza, na mwenye ekari zaidi ya tano ana haki. Ilitengenezwa kuanzia mwisho wa 1964 hadi 1975, ina nguvu zaidi kidogo kuliko 35 ya kawaida, na kila fundi wa trekta kuanzia Ruiru hadi Namanga ameifungua angalau mara moja. Tumeiteremsha kwa sababu mbili. Kwanza, sifa zake zimepandisha bei yake. Pili, ndizo zilizofanyishwa kazi ya kukodisha, zikalima mashamba ya watu usiku na mchana msimu baada ya msimu. Saa za kwenye dashibodi ya trekta ya namna hiyo zisome kama hadithi tu.

Na kuna Multi-Power. Ni kiwiko kidogo kwenye dashibodi kinachobadilisha mwendo kati ya chini na juu bila kukanyaga klachi, na kinaifanya trekta ya gia sita kuwa ya kumi na mbili. Shida ni kwamba ikiwa kwenye mwendo wa chini, injini haiizuii trekta kwenye mteremko. Inateleza huru kama baiskeli uliyoacha kupiga pedali. Weka trela ya samadi nyuma, mteremko wa Tigoni mbele, breki zenye oili tulizozitaja, na utaelewa kwa nini tunasema: kwenye miteremko kuwa kwenye mwendo wa juu kabla hujaanza kushuka, tena kwa gia ndogo. Ukiizima na kuiacha kwenye gia haishikwi pia, kwa kuwa presha ya oili imeondoka. Breki ya mkono na jiwe nyuma ya gurudumu ni lazima. Huwezi hata kuisukuma ili iwake.

Kuijaribu, panda mwinuko mdogo kwa mwendo wa chini, kisha weka juu. Ibadilike mara moja na ivute. Ikisita, ikapandisha mngurumo bila kuongeza kasi, sahani za ndani zimekwisha. Kwa Limuru, Ngong na Tigoni tafuta 135 isiyo na Multi-Power kabisa. Kwa Ruai, ambako ardhi ni bapa, haina neno.

3. Ford 3000

Trekta ya buluu kutoka Basildon, Uingereza, 1965 hadi 1975. Silinda tatu za karibu lita 2.9, gia nane, na injini ambayo kwa maoni yetu ni ngumu kuliko zote kwenye orodha hii. Imekuwa ya tatu kwa sababu ya spea tu. Za injini zipo, lakini ukihitaji kipande cha giaboksi au cha lifti, haidroliki ya kunyanyulia vifaa, utazunguka Kirinyaga Road hadi jioni kisha uambiwe uje Alhamisi. Ni nzito pia, na kwenye bustani ya Karen itaacha alama ambazo mwenye nyumba hatazisamehe.

Baadhi zina injekta pampu ya Simms, ile ndefu iliyojipanga kwa mstari, ambayo ina oili yake yenyewe. Fungua kizibo cha pembeni. Oili ikitoka nyembamba na kunuka dizeli, pampu inavuja kwa ndani na bili yake ijumlishwe kwenye bei.

4. Ndogo za Kijapani: Kubota, Yanmar na Iseki

Kama geti lako ni jembamba na kazi ni kati ya miparachichi, hizi ndizo trekta za bustani kwa maana halisi: Kubota B6000, Yanmar YM1500 na wenzao wa miaka ya sabini, silinda mbili, farasi kumi na kitu. Kwenye Yanmar herufi D mwishoni mwa nambari humaanisha inavuta magurudumu manne, na kwenye Kubota za L ni DT. Tafuta hizo. Trekta nyepesi ya kuvuta magurudumu mawili tu kwenye udongo mweusi ni pambo.

Nyingi zilianza maisha kwenye mashamba ya mpunga, zikitembea kwenye maji hadi kwenye habu. Kwa hiyo fungua kizibo cha oili cha ekseli ya mbele, kila upande. Oili ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia, na gia za humo ndani zimekula kutu kipindi kirefu kabla hujaiona. Maandishi yote ni ya Kijapani, na PTO huwa na kasi kadhaa. Mashine ya kukatia nyasi iliyoundwa kwa mizunguko 540 itumie kasi ya chini kabisa, la sivyo visu vitaruka. Kagua pia mkono wa tatu wa juu wa kufungia vifaa, kwa sababu baadhi zilitoka na mfungo wa rotaveta yake tu, na plau ya kawaida haikai bila fundi wa kuchomelea. Inunue pamoja na rotaveta yake au usiinunue.

Filta, mikanda na beringi zake utazipata kwa kupima ukubwa, kwa kuwa ni za milimita na za kawaida. Gia za ndani huagizwa. Mwenye subira ya majuma sita anaweza kuishi nayo vizuri.

5. Ferguson TE20, "kijivu kidogo"

Hii ndiyo mama yao. Ilitoka Coventry kati ya 1946 na 1956, zaidi ya nusu milioni, ikiwa na mfungo wa pointi tatu wa Harry Ferguson ambao leo uko kwenye karibu kila trekta duniani. Kwa mkusanyaji hatuna ubishi: anza hapa. Uzito wake ni kama kilo 1,100, bodi yake imejaa vipande vya chuma vilivyonyooka, na hakuna kitu juu yake ambacho mtu mwenye spana hawezi kukielewa kwa Jumamosi moja. Kwa kulima kila msimu, hapana.

Soma herufi kwenye kibati. TEA ni petroli, TED ni ya mafuta ya taa yaliyowashwa kwa petroli kwanza, TEF ni dizeli. Usivutwe na TED ukidhani utaokoa pesa. Tangu 2018 mafuta ya taa Kenya yanatozwa shilingi 18 zaidi kwa lita ili yasichanganywe na dizeli, kwa hiyo nafuu iliyokuwapo imeisha. Ya petroli ndiyo tamu zaidi kuiweka, na ndiyo rahisi kuwaka.

Mambo matatu huwachanganya hata mafundi wazuri. Stata huwashwa kwa kusukuma kiwiko cha gia hadi kwenye alama ya S, kwa hiyo mtu akikuambia swichi imepotea anasema asichokijua. Umeme wake huunganisha chanya na bodi, kinyume na magari ya leo. Fundi umeme akigeuza betri kwa mazoea, dinamo inaacha kuchaji. Na haidroliki haifanyi kazi mpaka kiwiko cha PTO kiwe kimeingia. Trekta nyingi za kijivu zimeuzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa "lifti imekufa", ilhali kiwiko kilikuwa kimetoka. Ukikutana na moja kama hiyo, usiguse kiwiko mpaka mkubaliane bei.

La hatari ni klachi yake ya hatua moja. Ukiifunga mashine ya kukatia nyasi, visu vizito vikizunguka huendelea kuisukuma trekta kupitia PTO hata ukiwa umekanyaga klachi. Unakwenda kwenye ua huku mguu uko chini. Dawa yake ni kifaa cha kuteleza huru kinachovalishwa kwenye shafti ya PTO, na bila hicho usikate nyasi nayo.

Tairi za mbele ni 4.00-19, saizi ambayo haikai kwenye kila duka. Angalia kama zipo nzima kabla ya kushangilia.

Za kuacha zipite

Trekta za bustani za Kimarekani, Cub Cadet za kuanzia 1961 au John Deere 110 ya 1963, ni vitu vya kupendeza, na mara chache moja hujitokeza kwenye mnada wa nyumba ya mgeni anayehama. Injini zake za Kohler ni nyepesi kutunza, lakini kila mkanda na puli ni oda ya ng'ambo. Mwenye kukusanya anunue, mwenye kulima apite. Fordson Major ya dizeli nayo ni dume la kazi, ila si ya bustani. Uzito wake peke yake utakudai trela kubwa zaidi na geti jipya.

Siku ya kukagua

Fika kabla ya saa uliyopewa, na kitu cha kwanza weka kiganja kwenye manifoldi. Ikiwa na joto, imeshawashwa ili ikudanganye. Rudi kesho. Ikiwa baridi, washa wewe mwenyewe. Moshi mweupe wa sekunde chache ni halali. Wa buluu usiokoma ni ringi au miongozo ya valvu. Ikishatulia, fungua kizibo cha oili na uangalie pumzi inayotoka: ikisukuma kama mdomo wa birika, pistoni zimechoka.

Iendeshe dakika ishirini ili oili ya nyuma ipate joto, kwa kuwa haidroliki mbovu hujificha ikiwa baridi. Kisha funga mzigo, hata dramu ya lita 200 iliyojaa maji. Inyanyue hadi juu na uiache injini ikiwa hai. Mikono ikitikisika, ikashuka kidogo na kupanda kidogo bila kukoma, kuna uvujaji ndani ya lifti. Zima injini. Mzigo ukishuka hapo hapo ni sili ya pistoni ya lifti, kazi inayofanyika. Usiponyanyuka kabisa, ni pampu, na iko ndani ya tumbo la trekta kwenye oili.

Chomoa kijiti cha oili ya nyuma. Kwenye Massey hizi giaboksi, difu na haidroliki hutumia oili moja, karibu lita 30 kwa 135. Ikiwa nyeupe kama maziwa, mvua imeingia kupitia mpira wa kiwiko cha gia uliopasuka. Kama trekta ilisimama nje miaka mingi hivyo, beringi zimeonja kutu. Jaribu kila gia ukishuka mteremko bila kuvuta mafuta, uone kama kuna inayoruka. Mwisho, jeki chini ya ekseli ya mbele, tikisa magurudumu, na ukimulike kiungo cha injini na giaboksi. Mshono wa kuchomelea hapo ni wa kukuaga.

Hati nazo zina ugonjwa wake. Trekta nyingi za umri huu ziliandikishwa kwa jina la shamba au kampuni iliyokwisha kufa, au la mzee aliyefariki. Fanya utafutaji wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa nambari ya usajili, linganisha nambari ya chesisi na kibati na logbuku, na kama mwenye jina hayupo duniani, anayeuza awe na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Barua ya chifu pekee haihamishi umiliki. Bei nayo hufuata mvua: Februari kila mtu anatafuta trekta, Juni mashamba yameshapandwa na muuzaji anakupigia yeye. Theluthi ya bajeti ibaki mfukoni kwa ajili ya mwezi wa kwanza.

Mwezi huo wa kwanza, badilisha oili zote na filta zote, hata ukiambiwa zilibadilishwa wiki jana. Nunua seti ya spana za inchi, 7/16 hadi 3/4. Boliti za Massey, Ford na Ferguson si za milimita, na spana ya 13 kwenye kichwa cha nusu inchi inaingia lakini itakikula siku moja. Valvu za Perkins ya silinda tatu zipime injini ikiwa baridi: inchi 0.012.

Ukibadilisha filta ya dizeli hewa itaingia na haitawaka. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, piga kiwiko kidogo cha pampu ya kupandishia mafuta mpaka povu liishe, kaza. Kama kiwiko ni kilegevu na hakipampu, kamu imekisukuma tayari, kwa hiyo zungusha injini kidogo ujaribu tena. Nenda kwenye skrubu mbili za injekta pampu, ya chini kwanza kisha ya juu, vivyo hivyo. Legeza nati za nozo mbili nusu mzunguko, vuta mafuta hadi mwisho, piga stata mpaka dizeli itoke bila kutema, kaza, na itashika. Futa dizeli yote iliyomwagika kabla hujaondoka, ili kesho ukiona unyevu ujue ni mpya na unatoka wapi.